Uongo wa Sentimita

Kama ulikuwa Dar Oktoba 2022 unaikumbuka. Mto Ruvu ulipungua, maji yakawa ya mgao, na madumu ya njano yakapanga foleni kuliko watu. Nami nilikuwa kwenye foleni mojawapo. Jamaa wa mbele yangu, mwenye madumu sita na mdomo mmoja unaofanya kazi ya sita, alikuwa anafoka: "Eti Ruvu umepungua! Nani kaupima? Wamekaa maofisini huko wanajiandikia wanachotaka."

Watu wakacheka. Mimi nikainama kama mwizi aliyesikia jina lake likitajwa, maana mmoja wa waandika namba hizo namjua. Ni mimi.

Nilipomaliza kidato cha sita, nikingoja matokeo, nilipelekwa kwa mjomba wangu mkoani Morogoro. Kijiji chake kiko kando ya mto mdogo, mmoja wa ile inayoteremka kutoka milima ya Uluguru. Mjomba alikuwa anasoma kina cha mto. Kazi yenyewe ukiitazama ni ya kitoto. Mtoni limesimikwa bao lenye alama za sentimita, kama rula kubwa. Saa tatu asubuhi unashuka, unatazama maji yamefika wapi, unaandika. Saa kumi jioni unarudia. Mwisho wa mwezi karatasi inakwenda ofisini, posho inakuja, mara nyingine inachelewa. Miguu ilipomvimba mjomba, kazi ikaniangukia mimi.

"Mjomba," aliniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo), "wewe andika ulichokiona. Basi."

Sasa, kina peke yake hakikuambii wingi wa maji. Wataalamu huja mara chache kwa mwaka, wakashusha majini kifaa chenye propela na kupima kasi ya maji, na upana na kina cha mto sehemu hadi sehemu. Wakizidisha wanapata mita za ujazo kwa sekunde. Wakishafanya hivyo mara nyingi, kiangazi na masika, wanachora mstari unaosema: kina kikiwa hiki, maji ni kiasi hiki. Kuanzia hapo ni sentimita za msomaji wa bao ndizo zinazogeuka kuwa maji. Anayejenga daraja, anayepanga bwawa, anayetoa kibali cha kumwagilia nyanya, wote huenda kuuliza mstari ule, na mstari unakuja kuniuliza mimi. Mimi wa miaka kumi na tisa, bwana!

Miezi mitatu nilikuwa mwaminifu. Ukaja mwezi wa nne na masika yake. Jumamosi moja nilikwenda kibanda umiza kijiji cha pili kutazama mpira, mvua ikatufungia humo, nikalala kwa rafiki. Jumapili ikanyesha kutwa. Jioni niliporudi nyumbani nilichoka, giza limeingia, mtoni utelezi. Nikafungua daftari. Ijumaa ilikuwa mita 1.38. Nikaandika Jumamosi jioni 1.40, Jumapili asubuhi 1.42, Jumapili jioni 1.40. Niliona nimetumia akili sana kuishusha kidogo mwishoni, ionekane ya kweli.

Jumatatu mto haukupitika hata njia yake. Jumanne nikashuka. Maji yalikuwa yamerudi chini, yana rangi ya chai ya maziwa, lakini kwenye mkuyu wa ukingoni takataka zilining'inia juu ya kichwa changu. Majani, kamba, kandambili moja. Mto ulikuwa umepita pale juu wakati mimi nauandikia mita moja na sentimita arobaini. Nilisimama nikauangalia mti, nikarudi nyumbani, sikubadilisha kitu. Na ukishaonja hivyo, siku ya pili ya kukosa kwenda ni rahisi zaidi.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja hapa mjini, mtu wa vitabu, alinicheka. "Nani kafa? Uongo lazima uwe na wa kudanganywa. Wewe umelidanganya bao." Hoja hiyo ilinifariji kama wiki mbili. Maana kweli, nikitafuta mtu niliyemdhulumu simpati. Sikumnyang'anya mtu ndoo. Daraja gani limeanguka?

Kilichonitoa katika faraja hiyo ni habari za Makutupora, kule Dodoma, kwenye visima virefu ambavyo mji ule umevitegemea kwa miongo mingi. Kule watu wamekuwa wakipima maji ya chini ya ardhi tangu miaka ya 1950. Unashusha tepu ndani ya kisima hadi iguse maji, unaandika umbali. Kazi ileile, ila gizani. Mwaka 2013 watafiti Watanzania na Waingereza walichapisha walichokiona katika kumbukumbu za miaka 55 za pale. Kumbe maji yale hayajazwi kila masika, kama mimi na wewe tunavyodhani. Miaka mingi yanashuka tu, yanashuka, halafu unakuja mwaka mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, mara nyingi wa El Niño, na yanapanda kwa kishindo. Mwaka wa 1997 na 1998, ule uliovunja barabara zetu nchi nzima, ndio uliojaza kuliko yote. Mji unakunywa mvua za miaka michache ya ajabu.

Nikajiuliza: je, yule mtu wa tepu angekuwa mimi? Angekaa nyumbani siku ya tope na kuandika namba inayofanana na ya jana. Hapo ndipo nilipouelewa uongo wangu. Anayebuni namba habuni ajabu hata siku moja, anaogopa kushtukiwa. Anabuni ya wastani. Na siku anazozikosa si siku yoyote ile tu, ni siku za mvua, za njia mbovu, yaani zile zile ambazo mto unasema jambo lake kubwa. Kwa hiyo namba zangu tatu hazikuwa makosa madogo katikati ya kweli nyingi. Ziliuziba mdomo mto siku uliyotaka kupiga kelele. Na aliyedanganywa yupo, ila huenda hajazaliwa. Ni mtu atakayejenga nyumba pale chini ya mkuyu akiwa ameambiwa kwamba mto huu ni mpole.

Rafiki yangu hakukubali. Akanikumbusha Turkana, kule Kenya. Septemba 2013 ilitangazwa kwamba chini ya bonde la Lotikipi kuna maji takriban mita za ujazo bilioni 200, na magazeti yakashangilia. Baadaye kisima kilipochimbwa na maji kupimwa, yakakutwa na chumvi nyingi, hayanyweki. "Mbona wale hujawaita waongo?" Siwaiti. Kukadiria si dhambi, hata kukosea si dhambi. Wale walisema wametazama kwa picha za setilaiti na vipimo vya juu ya ardhi, na mwenye kuchimba alijua anakwenda kuhakiki makadirio. Mimi je? Nani angehakiki? Namba yangu ilivaa nguo ileile ya namba niliyoiona kwa macho.

Mjomba alipofariki nilikwenda msibani, na katika kupanga vitu vyake nikaona madaftari yake ya zamani. Nikayafungua nikitafuta, nakiri, uongo wake ili nipate mwenzangu. Nikakuta masanduku matupu. Pembeni ya matupu, kwa mwandiko wake wa kulala: "Sikwenda. Msiba." "Sikwenda, homa." Mahali pamoja: "Bao limezama lote. Sijui." Mimi nilikuwa nikidhani sanduku tupu litatupunguzia posho.

Ila kusema sasa kuna gharama yake. Nilisoma bao lile miezi kumi na minne. Siku nyingi nilikwenda kweli, nyingine nikiwa na malaria. Nikikiri za uongo, nani ataziamini zile za kweli? Nitakuwa nimewanyang'anya hata nilichowapa. Niliyazungusha haya kichwani mwaka mzima, na nashuku nusu yake ilikuwa hekima na nusu woga.

Mwaka jana nilikwenda ofisini na barua. Nilimkuta dada mmoja wa umri wangu, akaisoma amesimama.

"Siku ngapi, kaka?"

"Ninazozikumbuka kumi na moja."

"Na usizozikumbuka?"

Sikuwa na jibu. Alitoa jalada, akatafuta mwezi wa nne, akazizungushia namba tatu kwa penseli, hakufuta. Pembeni akaandika tarehe, kisha akanipa kalamu niandike mwenyewe takataka zilifika wapi kwenye ule mkuyu. Nikaandika: juu ya kichwa changu. Akauliza urefu wangu. Hapo ukutani kulikuwa na tepu ya fundi, akanipima.