Wapendwa, Itupeni Ile Brashi Moja

Wapendwa mnaoosha magari kando ya Naivasha Road pale Kawangware, nanyi wa Kibera, kuanzia Olympic mpaka Laini Saba, leo sihubiri juu ya pombe wala kamari. Nahubiri juu ya brashi. Msicheke. Iko dhambi inayotendeka kila Jumamosi asubuhi hadharani, watu wakipita, na hakuna anayeikemea. Brashi inatolewa kwenye gurudumu la matatu, inachovywa katika ndoo ile ile iliyokwisha kuwa tope, halafu inapandishwa kwenye boneti ya gari la mtu ambaye bado analipa mkopo wa Sacco.

Brashi moja! Gari zima!

Hebu tuulizane, gurudumu limebeba nini? Dereva wa matatu namba 46 anashika breki kila hatua chache, kutoka mjini mpaka steji ya mwisho. Kila anapokanyaga, pedi inasugua diski, na unga wa chuma unaruka ukiwa moto na kujibandika kwenye rimu. Ule weusi mnaousugua huku mkinung'unika si vumbi la barabarani peke yake. Ndani yake mna chuma hasa. Ongeza mchanga. Ongeza udongo mwekundu uliokaukia nyuma ya rimu. Brashi ikishapita hapo, chembe zinazama katikati ya nywele, chini kabisa kwenye shina, na kuikung'uta mara mbili ukingoni mwa ndoo hakuzitoi. Kisha mnaileta kwenye rangi!

Na rangi yenyewe imekingwa na nini? Juu yake pana tabaka angavu ambalo mafundi huliita kilia. Kwa kawaida unene wake ni mikroni 40 hadi 50, na milimita moja ina mikroni 1,000. Hiyo ndiyo kinga yote iliyopo kati ya mkono wako na mali ya mwenzio. Siku ya kuoshewa haoni kitu, gari limelowa linang'aa, anakupa pesa yako na kukuaga vizuri. Anakuja kuona kesho yake nje ya kanisa, jua la saa saba limeikalia boneti nyeusi: mikwaruzo midogo ya mviringo, mmoja juu ya mwingine, kutoka taa hadi kioo. Atalipeleka likapigwe bafu, yaani lisuguliwe ling'ae. Bafu haiponyi kilia; huila mpaka ilingane na mkwaruzo. Baada ya bafu kadhaa hapabaki cha kula. Na wewe humwoni tena, unakaa kwenye jiwe lako ukisema biashara imekuwa mbaya.

Esau aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. (Naye, tusisahau, alikuwa mtu mwenye nywele nyingi.) Nyinyi wa Kawangware mnauza wateja wa Lavington, mtaa mnaopakana nao, watu wanaovuka wenyewe kuja kwenu, kwa sababu ya brashi ya bei ya chini kuliko chai na mandazi. Magari yao mengi yametoka Japani na rangi ya kiwandani, maana kanuni zetu haziruhusu gari kuukuu lililopita miaka 8 liingie nchini. Rangi hiyo imevuka bahari salama. Ije kuharibiwa na nyinyi?

Basi sikilizeni namna ya kuchagua. Ukifika dukani, iwe Kirinyaga Road au kwenye kibanda cha Toi, usianze na bei. Kunja mkono wa shati, sugua brashi upande wa ndani wa mkono wako, chini ya kiwiko, pale ngozi ilipo laini. Ikikuchoma, hiyo ni ya tairi na zulia, si ya kitu kingine. Tazama ncha za nywele kwa karibu: zilizochanika ncha hushika povu na kugusa polepole, zilizokatwa butu hukwaruza. Pinda nywele kwa kidole. Nailoni nzuri hurudi mahali pake; plastiki hafifu hubaki imelala. Chunguza na kichwa: kipande cha bati kilicho wazi au waya uliochomoza kitafanya katika sekunde moja kile ambacho nywele zisingefanya mwaka mzima. Ukipenda brashi ya kupakia rangi kwa kazi ndogondogo, nami naipenda, zungushia bati lake utepe kabla haijagusa gari la mtu.

Ukishaigawa kazi, brashi zenyewe zitajipanga. Tairi ipewe ngumu. Rimu ipewe ya nailoni laini, lakini mkitumia dawa ya asidi, nailoni itaharibika kabla ya muda wake. Hapo polipropilini ndiyo inayostahimili. Viti vya ngozi na dashibodi vinataka nywele za farasi. Matundu ya hewa, kibao cha jina la gari, na pembe za kifuniko cha tangi ni za ile ndogo laini. Na bodi? Boneti, paa, milango? Brashi isiguse! Hapo ni glavu ya maikrofaiba na maji. Matatu refu lina udhuru wake, kwa kuwa mkono haufiki juu, basi tafuteni ya mpini mrefu yenye ncha zilizochanika, mmwage maji kwanza mchanga uteremke, na mpite juu ya stika kufuata ukingo wake, msije mkaubandua. Ile michoro ni pesa ya mwenye gari, tena nyingi.

Kuna jambo wengi hawalifikirii. Brashi zinazosifiwa sana kwa rimu na matundu hutengenezwa kwa nywele za nguruwe. Kibera ni mji wa Wanubi tangu mwanzo wa karne iliyopita, na pale Makina kuna mwenye gari atakayeliendesha moja kwa moja mpaka msikitini. Ukipitisha nywele hizo kwenye kiti chake bila kumwambia, umemwingiza katika najisi bila ridhaa yake. Mwenye duka akisema hajui ni nywele za nini, lipa, ng'oa uzi mmoja, uuchome kwa kiberiti. Ukinuka nywele na kugeuka jivu, ni mnyama. Ukiyeyuka ukawa tone, ni plastiki. Kiberiti hakitakuambia ni mnyama gani, kwa hiyo mteja wa namna hiyo mtengee nailoni, wala usitafute maelezo marefu.

Najua mtakalonijibu: maji tunanunua kwa mtungi wa lita 20, nani ana maji ya kusuuza brashi nne? Jibu ni kopo. Kopo tupu la rangi, la lita 4, liwe la kusuuzia brashi tu, lisichanganywe na ndoo ya sabuni. Mchanga ni mzito; ukiyaacha maji yatulie, unazama, na ya juu unaweza kuyatumia tena kwa magurudumu. Brashi zikishasuuzwa, zitundikeni nywele zikielekea chini, maana maji yakiingia kwenye mpini wa mbao, mbao huvimba na nywele huanza kutoka. Kisha kateni utepe wa rangi tatu: mwekundu kwa magurudumu, wa manjano kwa ndani, wa kijani kwa kazi ndogondogo. Kijana mgeni akija kazini Jumamosi, asihitaji kuuliza.

Imebaki ile ya waya, iliyolala pale karibu na jerikeni. Isiguse rimu ya aloi, isiguse kitu chochote chenye magurudumu. Mpelekeeni fundi wa kuchomelea aliye mlango wa pili. Yeye ana kazi nayo.