Je, Televisheni Yaweza Kumlea Mtoto?

Watu wengi wanapoilaumu televisheni huanza na picha zake mbaya: uchi, ulevi na mauaji. Lawama hizo ni za haki. Lakini liko swali linalotangulia hayo yote, nalo ni hili: mtoto anapokaa mbele ya chombo hicho, ni nani anayemjibu?

Tuitazame nyumba moja kihambani, katika miteremko ya Kilimanjaro, iwe Kibosho au Marangu. Zamani mtoto alikaa na bibi yake karibu na moto, akasikiliza hadithi na kuikatiza kila mara: Kwa nini? Ikawaje? Bibi alijibu, au alikemea, na pengine aliigeuza hadithi kwa kuwa alilijua kosa la mjukuu wake la mchana ule. Ndivyo mtoto alivyofahamu kwa nini mkosaji humpelekea aliyemkosea jani la isale, na kwa nini maji ya mfongo yana zamu. Televisheni husema na wote, wala haimsikii hata mmoja. Mtoto akistaajabu kuona mwizi wa mchezoni ametajirika na kusifiwa, swali humfia mdomoni, maana wazazi nao wamekodolea macho kioo kile kile.

Pengine utasema kwamba hiyo ndiyo tabia ya vyombo vyote. Sivyo. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadiliana na kuamua la kutenda. Vyoo vingi vikachimbwa. Redio ilisema kidogo, watu wakasema zaidi. Mwaka huo huo Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi. Bara, ambako serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa ya wachache, ilingoja hadi 1994, ndipo ilipoanza ITV ya Reginald Mengi, mtu wa Machame. Basi tulikuwa na miaka ishirini ya kujitayarisha. Tulijitayarisha kwa lipi? Vyombo tulivinunua, vikundi tukavisahau.

Leo visimbuzi vimefika hata migombani, na tamthilia za Uturuki zinasema Kiswahili. (Kiswahili chenyewe mara nyingi ni kizuri kuliko cha stendi, na mtoto wa Kichagga hufaidika nacho.) Simu imezidisha jambo: kila mmoja ana kioo chake, hata ule ubishi mdogo wa kuchagua kipindi umekwisha nyumbani.

Mama aliyeuza ndizi kutwa nzima katika soko la Mbuyuni, Moshi, hurudi amechoka, akamwacha mtoto atulizwe na televisheni. Uchovu wake ni wa kweli, wala si haki kumhukumu upesi. Hata hivyo amemweka yaya asiyelijua jina la mtoto. Je, angemkabidhi mwanawe kwa mpita njia, kwa sababu tu ana maneno matamu?

Sisemi chombo kivunjwe. Nasema kipindi kikiisha kizimwe, kisha mtoto aulizwe: yule uliyemwona, ungekuwa wewe ungefanyaje? Dakika kumi zatosha. Na kama bibi yupo, aulizwe yeye kwanza; huenda akacheka, huenda akakasirika, na mtoto atataka kujua sababu.