Kiti cha Safari Fupi

Kati ya Dar es Salaam na Unguja pana mlango wa bahari ambao ndege huuvuka kwa muda wa dakika 20 hivi. Umbali wake ni kiasi cha kilomita 75. Abiria hukaa kiwanjani akingoja zaidi ya anavyokaa angani, na mwenye kufungua gazeti baada ya ndege kupaa hulikunja kabla hajaufikia ukurasa wa mwisho. Walakini katika muda huo mdogo watu huketi juu ya viti vya namna mbalimbali, vilivyonunuliwa kwa bei mbalimbali. Safari ndefu huficha jambo ambalo safari fupi hulifunua. Katika safari ya usiku kucha kiti kipana ni usingizi, na usingizi ni haja ya mwili. Katika safari ya dakika 20 hakuna alalaye. Basi hapana budi kuuliza: mtu anunuapo kiti kilicho bora kwa safari kama hiyo, hununua nini hasa? Na je, kitu hicho chafaa kuuzwa?

Swali hili halijibiwi vema mpaka vyumba vya abiria vilinganishwe. Chombo kidogo kinachojulikana sana katika njia hii ni Cessna Caravan, ndege ya injini moja na rafadha moja, ambayo huchukua abiria 12 hivi. Ndani yake hakuna mhudumu, hakuna choo, wala hakuna pazia. Mtu mrefu huinama aingiapo, na huendelea kuinama mpaka aketi. Abiria huiona mikono ya rubani ikifanya kazi. Mabawa yako juu ya madirisha. Kwa hiyo mwenye dirisha huona mafungu ya mchanga na rangi za bahari chini yake pasipo kizuizi. Nafasi ni finyu kwa wote, na mandhari ni wazi kwa wote.

Chombo cha pili ni ATR 72, ambayo Precision Air huitumia katika safari za ndani. Ni ndege ya injini mbili, iliyoundwa Ufaransa, yenye viti 70 hivi, viwili kila upande wa ujia wa katikati. Mlango wa abiria uko nyuma, na mizigo hupakiwa mbele. Cha tatu ni Dash 8 Q400 iliyoundwa Kanada, ambayo Air Tanzania ilianza kuipokea mwaka 2016. Viti vyake ni 76. Katika hivyo, 6 ni vya daraja la biashara na 70 ni vya daraja la kawaida. Abiria huingia kwa mlango wa mbele, na wenye daraja la biashara huketi mbele, ambako magoti hupata nafasi zaidi.

Katika ulinganisho huu jambo moja hudhihiri upesi. Mbele si mahali pa heshima kwa asili yake. Katika Dash 8 aketiye mbele hutangulia kutoka. Katika ATR aketiye mbele huwa wa mwisho kutoka, na jirani wa mkia huwa wa kwanza kukanyaga ardhi. Hewa ile ile inazibeba safu zote, na hakuna safu inayofika Unguja kabla ya nyingine kwa muda wa kutajika. Heshima ya mbele, kwa hiyo, imewekwa na watu, na kilichowekwa na watu chaweza kuulizwa sababu.

Tofauti za viti ndani ya ndege ni za namna tatu. Ya kwanza ni tofauti ya mizani. Katika ndege ndogo mzigo wa abiria hupimwa, aghalabu usizidi kilo 15, na mara nyingine abiria mwenyewe huombwa kupanda juu ya mizani. Kisha hupangiwa mahali pa kukaa ili uzito usielemee upande mmoja. Hapo waziri na mchuuzi huwa kilo tu. Mtu mnene huambiwa, “Kaa hapa,” na mwembamba huambiwa, “Kaa pale,” na hakuna anayekasirika, ila mwenye haya ya kusomwa uzito wake hadharani. Amri hii hupendelea wengine na huwanyima wengine dirisha walilolitaka. Lakini kila mmoja ajua kwamba imetolewa kwa ajili ya uhai wa wote, na uhai wake mwenyewe umo ndani ya hesabu hiyo.

Namna ya pili ni tofauti ya wajibu. Katika ndege nyingi kubwa kidogo, kiti kilicho kando ya mlango wa dharura huwa na nafasi zaidi ya miguu. Hata hivyo kiti hicho hakipewi mtoto, wala mgonjwa, wala mtu asiyeweza kuufungua mlango. Akikalia mwenye nguvu, mhudumu humwendea na kumweleza kazi itakayomwangukia siku ya hatari. Hapo raha na dhima huketi pamoja juu ya kiti kimoja. Aliye nyuma yake hana sababu ya kumwonea kijicho, maana ikiwa siku mbaya itafika, aliyenyoosha miguu yake ndiye atakayesimama kwanza kwa ajili ya wengine.

Namna ya tatu ni tofauti ya bei, nayo ndiyo yenye mabishano. Haki yadai kwamba hoja za upande wake zisikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Mwenye kulipa zaidi hununua mambo mengi yaliyo nje ya kiti: ruhusa ya mzigo mzito zaidi, wepesi wa kubadili siku ya safari, na mahali patulivu pa kungojea. Pengine ametoka nchi ya mbali, na kipande hiki kifupi ni mkia tu wa safari ndefu. Pengine mwili wake ni mkubwa, na kiti chembamba ni adhabu kwake na kwa jirani yake. Tena fedha anayoizidisha huingia katika mfuko ule ule unaonunua mafuta ya wote. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba mtu huyu ameiba. Amelipa kilichotajwa, na amepewa kilichotajwa.

Lakini baada ya kutoa mzigo, na wepesi, na upana wa mwili, hubaki kitu kimoja ambacho hakina matumizi: pazia. Mahali palipo na pazia kati ya madaraja mawili, sheria ya usalama yataka liwe wazi wakati wa kupaa na wakati wa kutua, kama vile viti vyote vinavyotakiwa kusimamishwa wima. Katika safari ya dakika 20, ukitoa muda wa kupaa na muda wa kutua, pazia hufungwa kwa dakika chache mno. Halizuii sauti ya rafadha, ambayo huvuma pande zote mbili, na huvuma zaidi kwa walio karibu nayo wa daraja lolote. Halileti usingizi, wala halipoozi joto. Kazi yake ni kusema neno moja: wale si hawa. Na ni ajabu yenye mafundisho kwamba katika nyakati mbili za hatari kubwa zaidi neno hilo hunyamazishwa kwa amri. Hatari haitaki pazia, kwa kuwa siku ya kutoka mbio watu wote huhitaji kuuona mlango mmoja.

Kuna kipimo rahisi cha kutenganisha raha na fahari. Mwenye kiti cha mbele na ajiulize kama angelipa fedha ile ile iwapo hakuna hata mmoja ambaye angemwona. Akijibu kwamba angelipa, kwa sababu magoti yake yanauma au mzigo wake ni mkubwa, amenunua raha, na raha yake haimdhulumu mtu. Akijibu kwamba asingelipa, basi alichonunua ni macho ya wale sabini wanaopita ubavuni pake wakielekea nyuma. Bidhaa hiyo ina kasoro moja kubwa: haitengenezwi na kiwanda cha ndege, hutengenezwa na wanyonge. Utamu wake hutoka katika kunyimwa kwa mwingine, na kama wote wangepewa, ungekwisha. Raha ya kweli haipungui kwa kuenea. Maji baridi hayapotezi ladha kwa sababu jirani naye ameyanywa.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu ya jambo hili. Katika zama za ukoloni mabehewa ya reli yalikuwa na madaraja matatu, na kwa desturi la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Waasia, na la tatu la Waafrika. Daraja la bei si sawa na daraja la rangi, na ni dhuluma kuyafananisha kwa kila hali: rangi ni mlango usiokuwa na ufunguo, bali bei ni mlango ambao mchuma wa leo aweza kuufungua kesho. Hata hivyo watu waliokataa kupimwa kwa ngozi wanapaswa kujihadhari wasije wakazoea kupimwa kwa pochi. Anayefurahia kupita mbele kwa sababu mwingine hawezi kupita, amebadilisha kipimo akabaki na moyo wa zamani.

Pwani ina adabu zake za kukaa. Juu ya jamvi la matanga tajiri na maskini hukunja miguu pamoja. Msikitini safu ya mbele ni ya aliyetangulia kufika. Barazani mzee hupishwa, mgeni hukaribishwa, na mgonjwa huwekewa mto. Adabu hizi hazifuti tofauti zote, maana mzee si sawa na kijana, wala mgonjwa si sawa na mzima. Hutoa mahali pema kwa haja, au kwa umri, au kwa kutangulia. Hazijapata kupanga bei ya mto.

Isidhaniwe, lakini, kwamba walio nyuma ya pazia wameokoka na ugonjwa huu. Msafiri kafiri, walisema wahenga, na katika daraja la kawaida ukafiri huo huonekana kila siku. Kijana hulaza kiti chake nyuma mara tu ndege inapotulia, kwa dakika chache zisizomfaa kitu, na kumbana magoti mama aliye nyuma yake. Wawili hugombania mkono wa kiti kama wagombaniao mpaka wa shamba. Mwingine hujaza kasha la juu kwa mizigo yake, kisha hugeuza uso asimwone aliyekosa mahali. Hawa hawana pazia la kitambaa, ila wamejitundikia pazia la moyo. Ambaye hajali magoti ya jirani yake katika safu ya kumi hana haki ya kulalamikia fahari ya safu ya kwanza.

Na uchukuliwe mfano mmoja wa kufungia hoja. Mwanamke mzee wa Unguja alikuja Dar es Salaam kutibiwa miguu, na sasa anarudi kwake. Mguu wake mmoja haukunjiki vema. Amepata kiti cha nyuma, na mbele yake, ng'ambo ya pazia, kuna kiti kipana kilicho kitupu. Mhudumu anamwona, na anajua kanuni: kiti kisicholipiwa hakikaliwi. Kanuni ina sababu, kwa kuwa kiti kikitolewa bure kwa kila aombaye, hapana atakayekinunua. Mwenye kiti kilicho kando ya kitupu aweza kusema kwamba alilipa ili atengwe. Nani ana haki?

Kanuni yatosha kwa siku zisizo na mguu mgonjwa. Aliyelipia kiti chake hakulipia utupu wa kiti cha jirani, na mwanamke yule akikaa hapo hampunguzii hata kidole kimoja cha nafasi. Kinachopungua ni upweke wa fahari, nao hauna stakabadhi. Shirika lililo na busara litamwachia mhudumu wake mlango mdogo wa huruma, maana haja ya mguu mgonjwa haiigwi na watu wengi kwa faida ya dakika 20. Na shirika lisipouacha mlango huo, bado upo mwingine ambao kanuni nyepesi yaweza kuuruhusu: mwenye kiti cha mbele aweza kusimama na kubadilishana na mzee. Haki ya kununua kiti ina ndani yake haki ya kukitoa. Hapo fedha yake itakuwa imenunua kitu ambacho maskini hawezi kukinunua na ambacho maskini hawezi kukionea uchungu, yaani nafasi ya kumtendea mtu wema. Heshima atakayoipata kwa kusimama ni kubwa kuliko ile aliyoitafuta kwa kukaa.

Ndege hutua. Mkanda hufunguliwa, na wote hushuka katika jua moja kungojea mizigo yao mahali pamoja. Hakuna aliyekuja na kiti chake mkononi. Mzee mwenye mguu hukumbuka kama alisumbuka au alipumzika. Na aliyemwona akisumbuka, akakaa, hukumbuka hilo pia.