Mlimani au Uwandani? Neno kwa Wanaonunua Nyumba



Tangu Pasaka tumeulizwa swali moja na zaidi ya familia tatu, wengine mlangoni baada ya ibada, wengine tulipowatembelea nyumbani. Wanaouliza ni watu ambao Mungu amewajalia nafasi: mwalimu aliyepokea kiinua mgongo chake, mfanyabiashara aliyeweka akiba kwa miaka mingi, watoto walioko Dar es Salaam wanaotaka wazazi wapate mahali pazuri pa kuzeekea. Fedha ipo, au karibu ipo. Wanachouliza ni hiki: tununue chini ya mlima, yaani Forest, Kigurunyembe au Bigwa, au twende uwandani, Kihonda na Mkundi?

Wapo watakaosema kwamba neno hili ni la dalali wala si la kasisi. Sisi hatuoni hivyo. Tumeona ndugu wa tumbo moja wasioweza kupiga magoti pamoja mbele ya Meza ya Bwana kwa sababu ya mpaka wa hatua kumi. Tumemwona mjane akitolewa katika nyumba ambayo matofali yake aliyabeba kichwani mwake. Jambo linaloweza kuvunja ushirika wa watu wa Mungu namna hii yatupasa kulisema kanisani mapema, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Fungueni, basi, kitabu cha Mwanzo, mlango wa 13. Abramu na Lutu wamepanda kutoka Misri wakiwa na mali nyingi. Shida yao haikuwa umaskini, ilikuwa wingi: mifugo imezidi malisho, na wachungaji wao wanagombana. Abramu ndiye mkubwa. Ndiye aliyeitwa na Mungu, na ahadi ya nchi alipewa yeye. Lakini akamwambia Lutu achague kwanza, naye atakwenda upande utakaobaki.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Katika desturi zetu mdogo hachagui mbele ya mkubwa. Lutu alikuwa mwana wa ndugu yake Abramu. Kama angalikuwa mwana wa dada yake, Waluguru wangalielewa upesi zaidi, kwa kuwa huku kwetu milimani ardhi ilifuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyemwonyesha mpwa wake mahali pa kulima. Hata hivyo sisi bado hatujamsikia mjomba aliyemwambia mpwa, chagua wewe, mimi nitatwaa makombo. Abramu aliweza kusema hivyo kwa sababu moja tu: aliamini kwamba urithi wake unatoka kwa Mungu, hata kama jicho la Lutu litaona mahali pazuri kwanza.

Lutu akainua macho, akaliona Bonde la Yordani, kwamba lina maji kila mahali. Akachagua. Maandiko yaongeza papo hapo kwamba watu wa Sodoma walikuwa waovu, lakini hayasemi kwamba Lutu aliuliza habari zao. Aliuliza habari za majani. Kisha tazameni mwendo wake: kwanza anapiga hema kuelekea Sodoma, katika mlango wa 14 anakaa ndani ya Sodoma, katika mlango wa 19 tunamkuta ameketi langoni, amekuwa mtu wa mji.

Wengine wamelifanya somo hili kuwa jepesi mno. Husema: Lutu alichagua uwanda akaangamia, Abramu alibaki milimani akabarikiwa, basi mlima ni mwema. Ndugu, msipokee mafundisho ya namna hiyo. Mungu hakuubariki mwinuko wa nchi. Tena hapa Morogoro mambo yamegeuka: penye maji ni mlimani, na uwanda ndio mkavu. Mtu akiinua macho yake leo kama Lutu alivyoyainua, hatatazama Kihonda penye vumbi na jua kali; atatazama Bigwa, ataona migomba na miembe, atasikia kijito, na usiku atahitaji blanketi. Jicho la Lutu lingemwongoza huko huko chini ya mlima.

Nasi hatusemi kwamba jicho hilo ni dhambi. Mungu aliyeumba Uluguru aliumba na ubaridi wake. Mji wetu uko kiasi cha meta 500 juu ya bahari, na kilele cha Lupanga, kinachotutazama kila asubuhi, chapita meta 2,100. Si ajabu watu kupenda kukaa kivulini pake. Ila kuna maswali ambayo kivuli hakiyajibu.

Swali la kwanza ni la maji. Mto Morogoro unashuka kutoka msituni, unapita mjini, unaingia Ngerengere, na Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaonyweshwa Dar es Salaam. Msitu wa juu umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Lakini chini ya mpaka wa hifadhi watu wanakata miti na kusawazisha miteremko, na wanasogeza uzio hadi ukingoni mwa kijito ili bustani ipate maji bure. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba uzuri wa kiwanja chake ni kwamba kijito kinapita uani, amekutajia pia kasoro yake. Na hata sheria isingekuwako, mwenye kuziba na kuchafua maji ya huko juu anamtendea vibaya mama wa huku chini anayeyafulia nguo za wanawe. Tukiikiri amri ya kumpenda jirani, tukumbuke kwamba jirani wa mtu wa mlimani ni yule anayeishi chini ya mkondo wake.

Swali la pili ni la mwenye mali. Chini ya mlima, mahali pengi palikuwa mashamba ya koo kabla hapajawa viwanja. Mluguru husema lukolo, na katika lukolo wamo walio hai, waliolala makaburini na watakaozaliwa. Wazee bado wanaukumbuka mwaka 1955, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu wa milimani kuchimba matuta ya ngazi. Shabaha yake ilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na hiyo si shabaha mbaya. Lakini watu hawakusikilizwa, ghasia zikatokea Matombo, na mtu akafa kwa risasi. Ardhi iliyoliliwa namna hiyo hainunuliwi kwa kupeana mkono na kijana mmoja mwenye haraka. Kijana anaweza kuwa anauza kilicho cha mama yake, na cha shangazi yake asiyejua kusoma, na cha wadogo zake walioko shuleni. Nabothi alikataa kuuza urithi wa baba zake hata kwa mfalme. Siku hizi Ahabu hahitaji kumwua Nabothi. Humtafuta mpwa wa Nabothi mwenye deni.

Basi, Kihonda je? Kule viwanja vingi vimepimwa, njia ni pana, na gari hufika mlangoni hata wakati wa masika. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hutuleta kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili, na madalali hawachoki kuitaja. Lakini jua ni kali, na mwenye nyumba asiyejenga tangi kubwa atajuta. Tena twaogopa jambo jingine huko: nyumba kubwa kupita nguvu za mwenyewe. Tunaona kuta zilizosimama bila paa, na nyasi zimeota sebuleni. Bwana wetu, katika Luka mlango wa 14, alimtaja mtu anayeanza kujenga mnara asihesabu gharama, akachekwa na wapita njia. Mji wetu wapaswa kulielewa somo hilo kuliko miji mingine. Tulijengewa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viatu vyake vikauzwe Ulaya. Jengo halikuifaa hali ya hewa yetu, kiwanda hakikufikia hata sehemu ndogo ya nguvu zake, na mwaka 1990 kikasimama. Kama wataalamu wa dunia hawakuuliza habari za joto la Morogoro, mstaafu mwenye kiinua mgongo kimoja na aulize mara mbili. Nyumba ya vyumba vitatu iliyomalizika ni bora kwake kuliko ghorofa la matarajio.

Tukija kwenye ununuzi wenyewe, Maandiko yana mifano miwili ambayo twatamani kila mnunuzi aisome. Katika Mwanzo 23, Ibrahimu anataka mahali pa kumzika Sara. Efroni Mhiti anajifanya kumpa bure. Ibrahimu anakataa bure hiyo, analipa shekeli 400 za fedha, langoni, mbele ya watu wote, na shamba linatajwa pamoja na pango na miti na mipaka. Katika Yeremia 32, nabii ananunua shamba la binamu yake kwa shekeli 17, nao Wababeli wameuzunguka mji. Anaandika hati mbili, moja ya kutiwa muhuri na moja ya wazi, anaita mashahidi, anapima fedha kwa mizani, kisha Baruku anaziweka hati katika chombo cha udongo zidumu. Watu wa imani hawakudharau karatasi! Kwa hiyo atakayewaambia, sisi ni wapendwa, hatuhitaji maandishi, mwulizeni kama yeye ni mpendwa kuliko Yeremia. Nendeni ofisi ya ardhi ya Manispaa, mpekue kwa Msajili wa Hati, mwulizeni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mzungumze na majirani wa pande zote nne, hasa yule bibi kizee anayeijua miembe ilipandwa na nani.

Na hati iwe na majina mawili. Hili tunalisema kwa uchungu kwa ajili ya yale tuliyoyaona misibani, wakati shemeji wanahesabu mabati kabla ya siku ya tatu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mkewe, na mke vivyo hivyo. Lakini jina lililoandikwa humsaidia mjane upesi kuliko kesi. Akina mama wa Umoja wa Mama wamelisema jambo hili kila mwaka, na akina baba wametikisa vichwa kukubali, kisha wakaenda kuandikisha peke yao.

Hata ukiipata hati, isome vizuri. Imeandikwa miaka 33, au 66, au 99. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini tu. Wengine hulalamika kwa hilo. Sisi tukilisoma pamoja na Mambo ya Walawi 25, ambapo Mungu anawaambia Israeli kwamba nchi ni yake nao ni wageni wakaao kwake, twaona kwamba sheria hiyo, bila kukusudia, imemkumbusha Mkristo mahali pake.

Mkituuliza tungechagua nini, hatutajificha nyuma ya Maandiko. Kwa mzee na mkewe wenye fedha ya kiasi, tungechagua kiwanja kidogo kilichopimwa Kihonda, karibu na zahanati na njia ya daladala, mahali ambapo magoti yenye maumivu hayapandi kilima kwenda ibadani. Mwenye nyumba kuukuu Forest iliyo halali, aitengeneze akae. Bigwa tungemruhusu mtu ambaye ukoo mzima umeketi naye ukakubali, na aliyepima meta zake 60 kwa kamba, akapanda miti mahali ambapo angeweza kujenga ukuta.

Kuhusu ukuta tuna neno. Huko kote, mlimani na uwandani, kitu cha kwanza kujengwa siku hizi ni ukuta, na lango la chuma, na kengele. Wezi wapo, hatukatai. Lakini Ibrahimu aliwaona wale wageni watatu kwa kuwa alikuwa ameketi mlangoni pa hema wakati wa jua kali. Wazee wa kanisa wametuambia kwamba katika mitaa hii mizuri wamebisha hodi mara tatu wasifunguliwe, na mle ndani alikuwamo mgonjwa aliyekuwa akingoja Ushirika Mtakatifu.

Kwa hiyo twaomba jambo moja kwa kila familia inayohama. Kabla ya kulipa, nendeni mkakae kwenye mtaa huo Jumapili moja. Sali pamoja na watu wa huko, hata kama ni kikundi kidogo kinachokutana chini ya mwembe. Waulizeni majina yao. Ukishahamia, mpe mzee wa kanisa wa eneo lako namba ya simu yako na umwonyeshe lango, ili kikundi cha maombi cha katikati ya juma kijue pa kukukuta. Nasi tutakuja kuibariki nyumba siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi; tutaanzia langoni, tutapita chumba kwa chumba na jikoni, na jirani wa pande zote nne waalikwe, wawe Wakristo au Waislamu.