Utamu Uumbwao Siku za Mfungo

Wakati nchi za kaskazini ya dunia zinapoanza kuagana na baridi, na Wakristo wa huko wamo ndani ya siku arobaini za Kwaresima, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani hufanyika kazi moja ambayo mtu akiitazama juujuu ataidhania kuwa ni kinyume cha siku zenyewe. Katika kumbi za makanisa, ya Kilutheri, ya Kimethodisti, ya Kikatoliki na mengineyo, hukusanyika wanawake kwa wanaume, aghalabu watu wazima waliokwisha kustaafu, wakakanda siagi ya karanga pamoja na siagi ya maziwa na sukari ya unga mpaka mchanganyiko ukashikana na kuacha kung'ang'ania vidole. Kisha wakaufinyanga kwa umbo la yai, wakauweka penye baridi ukakaza, na mwisho wakachovya kila yai katika chokoleti iliyoyeyushwa. Mayai hayo hutengenezwa kwa maelfu, huuzwa kwa majirani kabla ya Pasaka, na fedha zake hutumika kwa mahitaji ya kanisa na kwa sadaka. Majumbani nako akina mama hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo, kwa ajili ya watoto na jamaa.

Miongoni mwa wafanyao kazi hii wamo waliojinyima vitu vitamu tangu Jumatano ya Majivu, na kitu ambacho Wakristo wengi wa huko hukichagua kujinyima ni chokoleti yenyewe. Hapo ndipo lizaliwapo suala ninalotaka kulitazama kwa utulivu: yafaa mtu aliyeazimia kuuacha utamu ashinde mchana kutwa akiuumba kwa mikono yake? Mkono hauvunji ahadi ambayo kinywa kinaitunza? Nami najibu tangu mwanzo, ili msomaji ajue nimesimama wapi, ya kuwa hauivunji, bali waweza kuitimiza kwa ukamilifu kuliko kinywa. Lakini kwa sharti moja zito nitakalolifikia kwa wakati wake.

Msomaji aliyelelewa Unguja, Lamu au Mombasa huenda akastaajabu kwamba hili ni suala hata kidogo, kwa kuwa ameona Ramadhani baada ya Ramadhani jinsi mama aliyefunga anavyoingia jikoni tangu alasiri, akakuna nazi, akachoma kaimati, akapika tambi za sukari na vipopoo, huku harufu ya iliki imemjaa puani na yeye hajaonja tone la maji. Mafakihi walimruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi pale inapohitajika, kisha ateme asimeze. Na hakuna aliyepata kusema kwamba saumu ya mama huyo imepungua kwa sababu mikono yake ilikuwa katika sukari. Kinyume chake, Waislamu huamini kwamba mwenye kumfuturisha aliyefunga hupata thawabu mfano wa thawabu za aliyefunga mwenyewe. Basi pwani yetu ina jibu lake, tena jibu la vitendo. Lakini jibu la vitendo si hujja, na suala hili katika Ukristo lina historia ndefu inayostahili kusimuliwa.

Katika karne ya 13, Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipokuwa akieleza sheria za mfungo, alifundisha kwamba mayai na vyakula vya maziwa havifai kuliwa katika Kwaresima. Na kwa kuwa kuku hawajui Kwaresima, mayai yalirundikana majumbani mpaka Pasaka, yakaliwa siku hiyo kwa furaha kubwa. Lakini mwanachuoni huyo huyo aliyafanyia hisani maajuni, yaani zile dawa tamu zenye viungo, akasema kwamba mtu akila kidogo kwa ajili ya kusaidia tumbo hajavunja mfungo wake. Maneno hayo yalikuwa mlango mdogo, na chokoleti ilipofika Hispania kutoka Mexico, wakati ule ikiwa ni kinywaji, iliingia kwa mlango huo huo. Mwaka 1636 Antonio de León Pinelo alichapisha mjini Madrid kitabu kizima juu ya swali moja: je, chokoleti huvunja mfungo wa Kanisa? Mwaka 1664 Kardinali Francesco Maria Brancaccio naye aliandika risala yake, akashikilia kanuni kwamba kinywaji hakivunji mfungo, basi chokoleti ya kunywa nayo haiuvunji.

Na yuko Thomas Gage, Mwingereza aliyekuwa mtawa wa Kidominiko katika nchi za Amerika, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1648 alisimulia habari za mabibi wa Kihispania wa mji wa Chiapa, waliokuwa wakiletewa vikombe vya chokoleti na watumishi wao ndani ya kanisa, katikati ya misa, kwa udhuru kwamba matumbo yao dhaifu hayawezi kustahimili ibada ndefu bila ya kitu. Askofu aliwakataza kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa. Wakahamia makanisa ya watawa wakaendelea kunywa huko. Na punde si punde Askofu akaugua akafa, na uvumi ukaenea mjini kwamba sumu ilikuwa ndani ya kikombe cha chokoleti alichopewa. Sina njia ya kuupima ukweli wa uvumi ule. Ninachokiona katika habari hii ni kwamba kosa la mabibi wale halikuwa ladha. Lilikuwa ni kutoweza kungoja saa moja. Wanavyuoni wa wakati ule walibishana sana juu ya koo, kwamba kipi ni kinywaji na kipi ni chakula, na katika ubishi ule wakaiacha nafsi nje ya mlango, ilhali mfungo wote makao yake ni nafsi.

Maana kufunga si kuuchukia utamu. Mwenye kukiita kiovu kitu alichokiumba Mungu amemtukana Muumba, na dini zetu hizi hazikumwamuru mtu kufanya hivyo. Kufunga ni kuupa utamu mahali pake na wakati wake: uje baada, wala usije kabla; uwe wa wengi, wala usiwe wangu pekee. Ikiwa maana ndiyo hiyo, basi mtu atengenezaye peremende ya Pasaka katika siku za Kwaresima, akaihesabu, akaifunga katika karatasi na kuipeleka kwa mjane aishiye peke yake mtaa wa pili, amekwisha kuutia utamu katika utaratibu ule ule ambao mfungo unautafuta. Tena ameutia kwa shida kuliko yule aliyejiepusha tu, kwani ni rahisi kuacha kitu kisichokuwapo mezani.

Na kazi yenyewe ni mafunzo ya subira, jambo ambalo asiyeijua hulidharau. Chokoleti nyeusi huyeyushwa taratibu juu ya mvuke wa maji ya moto, na tone moja tu la maji likiingia ndani yake hushikamana na kuwa tope la chembechembe lisiloweza kuchovya kitu. Ikishayeyuka hadi nyuzi 45 hivi za Selsiasi, hupozwa huku inakorogwa mpaka ikafika karibu na 28, kisha hupashwa tena mpaka 31 au 32, wala isizidi. Sababu ni kwamba mafuta ya kakao yaweza kuganda kwa namna sita mbalimbali, na moja tu katika hizo ndiyo ifanyayo yai ling'ae, livunjike kwa mlio, lisichuruzike mkononi. Mwenye haraka hupata yai lililofifia, ambalo baada ya siku chache huota mabaka meupe. Sikusoma katika vitabu vya wacha Mungu zoezi la kungoja lililo dhahiri zaidi kuliko hili, la mtu mwenye hamu amesimama juu ya bakuli la kitu akitamanicho, akakikoroga na kukipima, na asikilambe.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba vitu viwili vya peremende hii vimepita katika mikono ya watu wa zuhudi. Yai la chokoleti lilitolewa Uingereza mwaka 1873 na nyumba ya Fry ya Bristol, na miaka miwili baadaye na Cadbury wa Birmingham. Na nyumba zote mbili zilikuwa za Marafiki, yaani Waquaker, madhehebu ambayo watu wa Kaimosi, magharibi ya Kenya, wanayafahamu tangu 1902. Marafiki wa kale hawakuiadhimisha Pasaka kabisa, kwa itikadi kwamba siku zote ni takatifu sawasawa. Nao waliipenda kakao kwa sababu waliona ni kinywaji kiwezacho kumtoa maskini katika ulevi. Ama siagi ya karanga, mmoja wa walioomba hataza ya kuitengeneza, mwaka 1895, alikuwa Daktari John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Michigan, Mwadventista aliyewakataza wagonjwa wake nyama na kuwaonya juu ya vyakula vinavyochochea matamanio. Kuviunganisha viwili hivi na kuviuza ni kazi ya watu wengine, akiwamo H. B. Reese wa mji wa Hershey, humo humo Pennsylvania, mwaka 1928. Mimi sioni aibu yoyote kwa wacha Mungu wale kwamba mavuno yao yakawa utamu wa sikukuu. Naona kwamba mtu aliyejizuia ndiye ajuaye thamani ya kitu, na kwa hiyo ndiye astahiliye kukabidhiwa.

Wapo wasemao kwamba mayai haya na sungura wake, ambao Wajerumani walihamia nao Pennsylvania katika karne ya 18, wamelifunika kaburi tupu, hata mtoto akakua akijua kikapu cha peremende asijue Ufufuko. Malalamiko haya ni ya haki kwa upande wa madukani, ambako mayai hupangwa rafuni Krismasi ikiwa haijapoa, mtu akanunua leo akala leo, na Kwaresima ikapita asiione. Lakini yai la nyumbani halina dhambi hiyo. Mtoto aliyekatazwa kulionja kwa juma zima, akaambiwa sababu, amefundishwa katekisimu kwa lugha ambayo umri wake unaiweza.

Sasa niliseme lile sharti. Nabii Isaya, katika sura ya 58, aliwaambia watu waliofunga huku wakiwadhulumu wafanyakazi wao kwamba mfungo autakao Mungu ni kuvifungua vifungo vya uovu na kuwaacha huru walioonewa. Maneno hayo yanaangukia kakao moja kwa moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu waliotolewa Angola walifanyishwa kazi ya utumwa katika mashamba ya kakao ya kisiwa cha São Tomé chini ya Wareno; nyumba ya Cadbury ilipata habari hizo mwaka 1901, na pamoja na nyumba za Fry na Rowntree haikuacha kununua mpaka 1909. Mwaka 1908 gazeti moja la London lilikuwa limewashutumu Cadbury kwa kuchelewa. Wakalishitaki, wakashinda, na baraza la wazee wa mahakama likawapa fidia ya robo ya peni. Sijui hukumu iliyomwelewa Isaya vizuri kuliko ile.

Wala mambo hayo hayakwisha. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Kodivaa na Ghana, na uchunguzi wa taasisi ya NORC ya Chuo Kikuu cha Chicago, uliotolewa mwaka 2020, ulikadiria kwamba watoto milioni 1.56 katika nchi mbili hizo wanafanya kazi za kilimo cha kakao zisizowastahili watoto, wengi wao wakishika mapanga, wakibeba mizigo mizito au wakikaribia dawa za sumu. Mtu aliyefunga siku arobaini, akatengeneza yai zuri kwa subira, akampa mjane, na chokoleti yake ikawa imepita katika mikono ya mtoto wa namna hiyo, kazi yake ina mgeni ambaye hakualikwa na hakulipwa. Nia njema haimtoshi mtu huyu maadamu njia ya kujua ipo; na siku hizi ipo, kwa kuwa wako wauzaji wanaotaja shamba na bei aliyopewa mkulima, na wako wakulima, hata hawa wetu wa Kyela, Tanzania, ambao kakao yao yaweza kufuatwa tangu inapovundikwa mpaka inapoanikwa juani.

Kwa hiyo namsihi atakayeshika bakuli Kwaresima ijayo, popote alipo, aanze kazi yake dukani kabla ya jikoni: aulize kakao hii imetoka wapi, na nani ameivuna. Akikosa jibu la kumridhisha, na atengeneze kwa karanga na sukari peke yake, kama tufanyavyo kashata, awape watoto na jirani zake. Pasaka yake haitapungukiwa na kitu.