Nia ya Mvuvi: Nduaro, Mchezo na Deni la Bahari

Safari ya kwenda kuvua nduaro huanza nchi kavu. Miezi kadhaa kabla ya kuonja chumvi ya bahari, mtu huketi na kalenda, akaulizia misimu. Huambiwa kwamba kaskazi ikishatulia, maji ya Malindi, Watamu na Shimoni hupata nduaro milia na sulisuli. Huambiwa kwamba Mkondo wa Pemba una kilindi kinachopindukia mita 800, nacho kiko karibu na nchi, ndiyo maana samaki wakubwa hupita pale pale palipo na macho ya watu. Akipenda kushuka kusini zaidi, hadi visiwa vya Bazaruto nchini Msumbiji, baina ya Oktoba na Disemba atawakuta nduaro weusi wenye nguvu za kumvuta mtu hadi ukingoni mwa chombo. Kisha huja hesabu: chombo, nahodha, mabaharia, mafuta, chambo, nyuzi na ndoana. Yote haya huulizwa na kuandikwa. Jambo moja huachwa bila kuulizwa, nalo ni hili: safari hii imekusudiwa nini?

Watu wa mwambao wana mazoea ya kale ya kulipima tendo kwa nia yake. Wawili wanaweza kutenda jambo lile lile, mmoja akasifiwa na mwingine akalaumiwa, kwa sababu ya kile kilichokuwa moyoni kabla mkono haujanyanyuka. Iwapo kipimo hicho ni cha haki, basi uvuvi wa nduaro kwa ajili ya mchezo unastahili kupimwa nacho, na mahali pa kuupimia ni pale pwani, wakati wa kupanga. Samaki akishanasa, hapana tena nafasi ya kufikiri.

Na tuwekwe mbele ya macho wavuvi wawili wanaotoka alfajiri moja. Wa kwanza ametoka na ngalawa yake, mshipi mkononi, anarambaza akitaraji nguru au jodari. Nduaro akimpata, humshukuru Mola, humpigania mpaka mikono ikachanika, humleta pwani, akamwuza vipande vipande. Wa pili ni mgeni aliyekodi chombo cha injini mbili. Naye anarambaza, kwa chambo cha bandia chenye rangi za kumeremeta. Akimpata nduaro humpigania saa nzima au zaidi, humleta ubavuni mwa chombo, humtia alama ya utafiti chini ya pezi la mgongoni, kisha humwachia aende zake.

Akiulizwa mtu yeyote wa pwani ni nani kati ya hao mwenye haki zaidi, atamtaja wa kwanza bila kusita. Amekwenda kutafuta riziki. Lakini kwa mvuvi wa kwanza samaki amekufa, na kwa wa pili samaki yu hai. Fumbo liko hapo. Aliyeua hana lawama, na aliyeacha ndiye anayetakiwa kujieleza.

Wanaomtetea mgeni wana hoja za kusikilizwa. Wanasema samaki aliyeachiwa ataendelea kuzaa; kwamba alama anazotiwa zimewafunza wataalamu mengi juu ya njia za nduaro katika Bahari ya Hindi; kwamba fedha za mgeni huwafikia nahodha, baharia, fundi wa mashine na muuza samaki wa chambo. Nduaro mmoja, wanasema, anaweza kuwalisha watu mara nyingi akiwa hai kuliko mara moja akiwa amekufa. Hoja hizi ni za kweli kwa kadiri yake. Hata hivyo zote zinazungumzia matokeo, na swali lililoulizwa lilihusu nia. Mgeni hakutoka kwao kwa ajili ya utafiti wala kwa ajili ya kumlisha fundi wa mashine. Ametoka ili apigane na kiumbe chenye nguvu kuliko yeye, akishinde, kisha akisamehe.

Je, kiumbe hicho kinaumia? Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walichapisha utafiti juu ya samaki aina ya trauti, wakaonyesha kwamba mdomoni na kichwani mwake mna mishipa ya fahamu yenye kuitikia madhara, na kwamba samaki aliyetiwa dawa ya kuwasha hubadili mwenendo wake na huacha kula. Wako waliopinga, wakisema ubongo wa samaki hauna tabaka lile ambalo kwa binadamu hubeba hisia ya maumivu. Mjadala haujafungwa. Lakini katika mambo ya maadili shaka nayo ina uzito wake. Anayetupa jiwe gizani, asijue kama kuna mtu au hapana, hawezi kujitetea kwamba hakuona.

Nduaro hasa si kiumbe cha kudharauliwa. Ana misuli karibu na macho iliyogeuka kuwa mfano wa tanuri, ikiyapasha moto macho na ubongo wake ili aone upesi katika maji baridi ya kilindini. Hupumua kwa kuogelea, maji yakipita mdomoni na kutokea mashavuni. Akisimama muda mrefu, pumzi humpungua. Ndiyo maana mabaharia wajuzi, baada ya pambano, humshika panda na kumkokota polepole ubavuni mwa chombo mpaka rangi imrudie na mkia uanze kupiga. Mkono huo unaomshikilia ni ule ule uliomchosha.

Nchini Ujerumani sheria ya kuwalinda wanyama inataka pawe na sababu ya maana kabla ya kumwumiza mnyama. Kula ni sababu. Kujifurahisha peke yake hakutoshi. Kwa hiyo huko mvuvi anayekwenda kwa nia ya kuvua na kuachia ndiye anayeweza kupata mashaka, na anayekwenda kutafuta kitoweo yu salama. Ni ajabu kwamba sheria ya nchi ya mbali imefika mahali alipo mzee wa ngalawa. Katika mafundisho ya dini yaliyoenea mwambao huu, mawindo ya bahari yamehalalishwa yawe chakula cha wakaazi na wasafiri. Na imekatazwa kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, njia inaonekana: bahari imefunguliwa kwa haja, na haja ina mpaka.

Yumkini mtu atauliza, je, mwanadamu hana haja nyingine isipokuwa ya tumbo? Mwanafalsafa wa Kihispania José Ortega y Gasset, katika maandishi yake ya mwaka 1942 juu ya uwindaji, alijaribu kulijibu swali hilo. Kwake yeye, uwindaji humrudisha mtu katika ujamaa wake wa kale na maumbile, na kifo cha mnyama ndicho kinachoupa ukweli. Kikiondolewa, hubakia maigizo. Hoja hii inamkata mvuvi wa mchezo pande zote mbili. Akiua, ameua bila njaa. Akiachia, amecheza mchezo ambao mmoja tu kati ya wachezaji wawili alijua kwamba ni mchezo. Kwa paka ni mzaha, kwa panya ni mauti.

Ernest Hemingway aliwahi kuvua katika maji ya Malindi mwaka 1934, na miaka kumi na minane baadaye akachapisha kisa cha mzee Santiago na nduaro wake. Wavuvi wengi wa mchezo hukichukulia kisa hicho kuwa sifa zao. Wakikisoma vizuri wataona kwamba Santiago hakuwa mmoja wao. Ni masikini wa Kuba aliyekaa siku themanini na nne bila ya samaki, anayevua kwa mshipi wa mkono kama wavuvi wa Nungwi au Kizimkazi. Anampenda samaki wake, na bado anamwua, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Papa wanapommaliza nduaro, majuto ya mzee hayako katika kuvua. Anajuta kwamba amekwenda mbali mno. Kipimo hicho kinawafaa wote wawili, mwenye ngalawa na mwenye injini. Kila safari ina mahali ambapo haja huishia na kiburi huanza, na mwenye safari ndiye wa kwanza kupajua.

Sasa kurudi katika kupanga. Nia haikai moyoni tu. Huonekana katika vyombo vinavyochaguliwa. Anayechagua uzi mwembamba ili jina lake liandikwe kwenye daftari la rekodi amechagua, kabla ya kuondoka nyumbani, pambano refu zaidi na samaki atakayechoka zaidi. Anayechagua uzi mnene na kuazimia kulimaliza pambano upesi amemhurumia samaki ambaye bado hajamwona. Ndoana ya mviringo hunasa pembeni mwa mdomo mara nyingi zaidi, ilhali ile ya kawaida humezwa mpaka tumboni. Anayeagana na nahodha tangu pwani kwamba samaki hatatolewa majini kwa ajili ya picha ameshatenda wema; anayengoja kuamua wakati kamera zimenyanyuliwa, hataamua yeye, zitaamua kamera.

Liko pia suala la ukubwa. Rekodi ya dunia ya nduaro mweusi, ratili 1,560, ambazo ni kilo 700 na ushei, iliwekwa na Alfred Glassell huko Cabo Blanco nchini Peru mwaka 1953, na haijavunjwa mpaka leo. Wengi wanaopanga safari huota kuikaribia. Lakini nduaro wakubwa kabisa ni majike. Madume hubaki wadogo kwa mbali. Kwa hiyo anayetafuta uzito wa sifa anamtafuta mzazi, yule mwenye mayai mengi kuliko wote. Ndoto yake na kizazi cha nduaro vimegongana tangu hajapanda chomboni.

Aidha liko suala la jina. Kanuni za chama cha kimataifa cha uvuvi wa mchezo, kilichoanzishwa mwaka 1939, zinataka mtu mmoja tu aushike ufito tangu samaki anase hadi afikishwe chomboni. Mwengine akiugusa, samaki hahesabiwi. Ni kanuni ya uadilifu, na ina dhulma iliyojificha ndani yake. Nahodha ndiye aliyeisoma rangi ya maji na kuwafuata ndege. Baharia ndiye aliyeufunga uzi, na ndiye anayeushika kwa mkono wakati samaki amefika ubavuni, dakika ya hatari kuliko zote. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, lakini daftari humwandika aliyekaa kitini. Mwenye nia njema, anapoandika hesabu za safari, hulikumbuka hilo katika ujira na, zaidi ya ujira, katika namna ya kukisimulia kisa akirudi kwao.

Hapana budi kutaja lililo kubwa kuliko yote haya. Nduaro wengi wanaokufa katika Bahari ya Hindi hawafi kwa ufito wa mgeni wala kwa mshipi wa ngalawa. Hufa katika mishipi mirefu yenye ndoana maelfu na katika nyavu za kutega zinazotandazwa mbali na macho ya watu. Mwaka 2011 nduaro buluu aliwekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2018 tume ya nchi zinazovua jodari katika Bahari ya Hindi ilipitisha azimio la kuweka mipaka ya kuwavua nduaro na sulisuli, na tathmini ya mwaka 2021 bado ilionyesha kwamba nduaro milia anavuliwa kupita kiasi. Mbele ya hesabu kama hizo, mvuvi wa mchezo hupata kishawishi cha kusema: langu ni dogo. Ni kweli kwamba ni dogo. Lakini udogo wa kosa haujawahi kuwa jina la haki, na anayeyajua mauaji yale makubwa ana sababu moja zaidi ya kuwa mwangalifu na samaki mmoja aliye mkononi mwake. Mwenye ngalawa naye asibebeshwe lawama za meli ambazo hata taa zake hajaziona.

Basi hukumu ni ipi? Kumharamishia mtu furaha ya bahari ni jambo zito, na furaha hiyo ni ya kweli: weupe wa povu nyuma ya chombo, ukimya wa saa nzima, kisha maji yakapasuka na samaki mwenye rangi ya anga akasimama juu ya mkia wake. Aliyeiona mara moja haisahau. Lakini furaha inayochukuliwa kutoka kwa kiumbe kingine ni mkopo, na mkopo hupangiwa malipo kabla ya kuchukuliwa. Hulipwa kwa uzi mnene, kwa ndoana sahihi, kwa picha isiyopigwa, kwa samaki mmoja badala ya watano, kwa nyama kugawiwa watu iwapo samaki amefia mshipini, kwa jina la nahodha kutajwa. Asiyekuwa tayari kulipa haya amekusudia kuiba, hata akimwachia kila samaki anayempata.

Vyombo vinaporudi jioni, hupandisha bendera mlingotini kuwaarifu walioko pwani ni samaki gani wamepatikana. Watoto huzihesabu kutoka ufukweni. Anayepanga safari ajiulize swali moja, akiwa bado kwao na kalenda yake mbele: lau hapangekuwa na bendera, wala picha, wala wa kusimuliwa, angekwenda? Ikiwa jawabu ni ndiyo, huenda anaipenda bahari, na anayeipenda atajua pa kuishia. Ikiwa ni hapana, basi alichokuwa akikivua tangu mwanzo ni macho ya watu, na hayo yanapatikana bila ya kumsumbua nduaro.