Kinachotetemeka ni Hewa au ni Sayari?

Ukipiga picha elfu tano za kitu kimoja, ukatupa elfu nne na mia tano, ukazichanganya zile mia tano zilizobaki zikawa moja, halafu ukawaonyesha watu na kuwaambia "hii ndiyo sayari ya Mshtarii", je, umesema kweli? Kijana mmoja wa kikundi chetu aliuliza hivyo, na mwenzake akamjibu kabla yangu: "Huo ni uongo wa kompyuta." Wengi walikubaliana naye. Mimi sikubaliani, na nadhani swali lenyewe linatuhusu sisi wa Kakuma kuliko linavyowahusu wenye darubini.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Simama saa saba mchana utazame ng'ambo ya laga. Watu wanaokuja wanaonekana wanayumba, miguu yao kama imekatika. Hawana shida yoyote. Ni hewa ya moto inayopanda na kuchanganyika na ya baridi, na kila tabaka linapinda mwanga kwa namna yake. Usiku inakuwa hivyo hivyo, ila kidogo zaidi, ndiyo maana nyota humetameta. Sasa weka darubini uani uitazame Mshtarii. Darubini inakuza sayari, na mtetemeko wa hewa inaukuza pia. Unaona kitu kama sarafu iliyoanguka chini ya maji ya mto: kinavimba, kinapindika, kinafifia. Halafu ghafla, kwa sehemu ndogo ya sekunde, hewa inatulia, mistari ya mawingu inaonekana yote, kisha inapotea tena.

Zamani mtazamaji alikaa na penseli akisubiri nukta hizo. Filamu haikumsaidia sana, kwa sababu ilihitaji muda kunasa mwanga, na ndani ya muda huo hewa ilikuwa imeshavuruga kila kitu. Mwaka 1978 mwanasayansi David Fried alipiga hesabu ya uwezekano wa kupata picha moja ya bahati, iliyopigwa haraka wakati hewa imetulia. Miaka ya 2000 watu wa kawaida walianza kuifanya kazi hiyo nyumbani kwa kamera ndogo za kompyuta. Unapiga video ya dakika chache, maelfu ya picha. Huwezi kuendelea muda mrefu, maana Mshtarii inajizungusha kwa muda usiofika saa 10, kwa hiyo alama zake zinasogea. Kisha programu inazipanga picha kuanzia iliyo kali hadi iliyofifia, unabakiza labda moja katika kumi, na inazilaza moja juu ya nyingine. Chenga zinapungua: ukichanganya picha 100, zinabaki kama moja ya kumi ya zile za picha moja.

Je, huo ni uongo? Anayesema ndiyo anadhani picha moja isiyochaguliwa ndiyo ya kweli zaidi. Lakini ile picha moja, ukiichukua bila kuangalia, kwa sehemu kubwa ni picha ya hewa. Inasema mambo mengi kuhusu kilichokuwa katikati, na machache kuhusu sayari. Tena programu haijui Mshtarii inatakiwa ifananeje. Inauliza tu: ni wakati gani tuliona vizuri? Kipimo kimewekwa kabla ya jibu kujulikana. Kwa hiyo kuchagua peke yake si dhambi. Uongo unaingia pale unapochagua kwa sababu ya unachotaka kionekane.

Hilo nalo limeshatokea. Mwaka 1877 Mwitaliano Giovanni Schiaparelli aliona mistari kwenye sayari ya Mirihi. Baadaye Mmarekani tajiri, Percival Lowell, alijenga kituo cha kutazama anga huko Arizona mwaka 1894, akachora mifereji mingi na kusema imechimbwa na viumbe wenye akili wanaogawa maji. Mwaka 1903, Uingereza, Maunder na Evans waliwapa wavulana wa shule ya Greenwich mchoro wenye nukta na madoa wauchore kama wanavyouona. Baadhi ya waliokaa mbali walichora mistari iliyonyooka ambayo haikuwepo. Jicho linapoona vibaya linaunganisha lenyewe. Mwaka 1909 Antoniadi alitazama kwa darubini kubwa ya Meudon, Ufaransa, hewa ikiwa imetulia, na mifereji ikavunjika kuwa madoa yasiyo na mpangilio. Chombo cha Mariner 4 kilipopita karibu na Mirihi mwaka 1965, hakikupiga picha ya mfereji hata mmoja. Lowell hakuwa tapeli. Alikuwa na hadithi tayari kabla ya kutazama, basi.

Sasa turudi kwetu. Mgeni anakuja na kamera, anapiga picha mia tatu, anaondoka na moja: mtoto ana kamasi, amesimama mbele ya turubai lililochanika. Mtoto huyo yupo kweli. Lakini zile nyingine, mama anayecheka akisuka nywele, fundi simu na kibanda chake, zimetupwa kwa kipimo gani? Na sisi pia tusijitoe. Tunapiga picha ishirini, tunamtumia ndugu Bukavu ile moja tuliyovaa viatu vya kuazima, naye anaanza kuuza shamba atufuate. Mgeni anachagua huzuni, sisi tunachagua heshima. Wote tumeamua sayari ifananeje kabla ya kuwasha kamera.

Zito zaidi ni pale mtu mwenyewe anapokuwa ndiye anayetazamwa. Mtu anaingia kwenye mahojiano. Kati yake na anayeuliza kuna mkalimani wa lugha ya tatu, kuna miaka kumi, kuna hofu, kuna usiku asiolala. Mwaka huu anasema walikimbia mwezi wa tatu, mwaka jana alisema mwezi wa nne. Maneno yanatetemeka. Swali la haki ni lile lile la mwenye darubini: kinachotetemeka ni hewa au ni sayari?

Wapo wanaojua kulijibu. Julai 2009, Anthony Wesley, mwandishi wa programu za kompyuta huko Australia, alikuwa uani kwake akipiga Mshtarii. Hewa haikuwa nzuri, karibu akate tamaa, akapumzika, akarudi. Akaona doa jeusi karibu na ncha ya kusini. Hakukimbilia kutangaza. Alijiuliza kama ni kivuli cha mwezi mmojawapo. Akaona linazunguka pamoja na sayari. Akafungua picha zake za siku mbili nyuma: halikuwepo. Ndipo akawaambia wengine, na darubini kubwa ya Hawaii ikathibitisha kwamba kitu kimeigonga Mshtarii. Hewa inabadilika kila sekunde, kwa hiyo kinachobaki pale pale wakati hewa inabadilika ni cha sayari. Kwa mtu pia ni hivyo. Mwezi unaweza kuyumba, lakini jina la mto waliouvuka na nani alibaki ng'ambo, hayo yanarudi kila anaposimulia.

Hapa lakini kuna shimo katika hoja yangu, na silifichi. Kuchanganya picha kunahifadhi kinachojirudia na kufuta kilichotokea mara moja. Tarehe 3 Juni 2010 Wesley huyo huyo alinasa mwako mdogo juu ya Mshtarii, kama sekunde mbili. Christopher Go, wa Ufilipino, alikuwa anarekodi wakati huo huo, akafungua video yake, akaukuta. Hubble ilipotazama siku chache baadaye haikuona kovu lolote. Picha ya mwisho, ile safi, isingeonyesha kitu. Mwako ulibaki kwa sababu tu hawakufuta video.

Wao walikuwa wawili. Wengi wetu, jambo lililotufanya tuwe hapa lilitokea mara moja, usiku, na aliyeliona ni mmoja, bila kovu la kumwonyesha daktari. Muhtasari mzuri wa faili unaweza kuwa mkali na bado ukawa umelitupa jambo lenyewe.

Kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, fupisheni mkilazimika, lakini yaandikeni yote kwanza na msifute. Mkiona neno limeyumba, ulizeni tena siku nyingine, na mkalimani mwingine, kabla ya kuandika kwamba mtu ni mwongo. Na wewe kijana mwenzangu unayemwita jirani mwizi kwa sababu ya jioni moja tu uliyomwona vibaya, fanya hivyo hivyo. Hewa ya hapa haitulii mara nyingi. Inabidi kukaa na kutazama kwa muda mrefu.